Pole ya Mama Mkwe

Fundi cherehani wa mtaa wetu alijiandikisha marathoni kwa sababu shemeji yake alisema hafiki hata sokoni. Kila Jumapili alipanga kwenda mbali zaidi, na kila Jumapili alitoka mkuku kama mwizi wa kuku, akarudi amepakiwa kwenye pikipiki.

Juzi mama mkwe alimwona akihema njiani, akamhurumia: "Pole, pole, baba."

Fundi akadhani anaambiwa apunguze mwendo. Akapunguza, hata bibi mwenye mkongojo akampita, lakini alifika darajani na kurudi kwa miguu yake.

"Mama amenifundisha kukimbia," alimwambia mkewe.

"Mama? Anasema ulitia huruma."

Fundi akavua viatu, akawaza. "Basi Jumapili ijayo anihurumie tena, palepale."