Tududu twa Chungu cha Mapasa

Nilipokuwa mtoto, pale mtaani kwetu Makomeno, watu walioona visivyoonekana walikuwa wa aina mbili tu: watakatifu na walozi, yaani wachawi. Watakatifu walikuwa mbali, wamechorwa kwenye vioo vya kanisa, miguu peku, hawana shida na mtu. Walozi walikuwa avenyu yetu. Ilisemwa wana macho manne, mawili ya kutazamia kama sisi, na mawili ya kuonea mambo ya ndani. Kwa hiyo mtoto akisema ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona, mama yake alimziba mdomo kwanza, ndipo akamwuliza. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani watu wangu walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo nusura inimalize.

Baba alifanya kazi kwenye reli, kama baba yake kabla yake, na mara nyingi alikuwa njiani kwenda Kamina. Nyumbani tulibaki mama, mimi, wadogo zangu wawili pacha, Kyungu na Kabange, na Nkambo, yaani bibi yetu, mama mzazi wa baba. Kwetu Waluba wa kaskazini pacha huitwa mapasa, na mapasa si watoto hivi hivi. Wanakuja kama machifu wadogo. Hata jina la mama yao linasahauliwa, anaitwa Mama Mapasa mpaka anazikwa. Nkambo aliwawekea chungu chao nyuma ya mlango, maji pamoja na majani fulani na mpemba, ule udongo mweupe. Mwezi mpya ukionekana, wanawake wa jirani walikuja kuimba, mapasa wakapakwa mpemba, kisha wakanyweshwa maji ya chungu. Chungu hakikumwagwa. Kilijaziwa tu. Na mshika kikombe nilikuwa mimi, kwa sababu ni mimi niliyewatangulia tumboni.

Tulikuwa Wakatoliki, tena wa misa ya kwanza. Sikuona ugomvi wowote kati ya kile chungu na Bikira Maria, na Nkambo hakuuona pia. Alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuchota.

Siku moja masista wa shule yetu walimleta Yaya Kavira; yaya kwetu ni dada mkubwa. Tulimjua. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo la unga na mafuta kwenye kona yetu, naye alikuwa anasoma sayansi Kasapa, chuo kikuu. Alikuja amebeba karatasi kubwa za picha zimekunjwa kama mkeka, akazitundika ubaoni moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa kichwa cha chawa, kikubwa kama cha mbuzi, na kucha zake za kushikia unywele. Darasa zima tukaanza kujikuna. Ya pili ilikuwa mdomo wa mbu. Ya tatu ilikuwa tone la maji.

Ndani ya tone lile kulikuwa na vitu mfano wa viatu vyenye manyoya pembeni, na vingine kama kengele zilizosimama juu ya uzi, na vijiti vidogo vilivyopinda. Yaya Kavira akatuambia kwamba maji yale aliyachota mwenyewe kwenye mtungi uliokaa muda mrefu, kwamba vingi kati ya vile havina neno na mtu, lakini vingine vinamharisha mtoto mpaka anakauka, na kwamba maji yakichemka vyote vinakufa.

Mvulana mmoja nyuma akauliza: "Yaya, na weye ulibaona na macho ya nani?"

Tukacheka, na yeye akacheka. Akasema ni kwa macho yake haya haya, ila yanasaidiwa na mashine ya kukuza vitu, mikroskopi. Mimi sikuweza kuondoa macho kwenye karatasi ile mpaka kengele ikalia. Sikuogopa. Niliona uzuri. Niliwaza kwamba Mungu amefanya kazi yote hii ndani ya tone la maji, pasipo kungoja mtu aje kumsifu.

Haukupita muda, Kabange akaanza kuharisha. Kyungu naye kidogo, lakini Kabange zaidi. Nkambo akasema tungoje mwezi, maji yao yatawatengeneza. Mwezi ukaonekana jioni, mwembamba juu ya bati za majirani. Wanawake wakaja, wimbo ukaanza, nikapewa kikombe. Nikatazama ndani. Pembeni mwa chungu palikuwa na utando wa kijani, na harufu ya majani yaliyochoka. Kabange akanyoosha mkono. Nikaziba kikombe kwa kiganja.

Nkambo akaniambia nimpe mtoto. Nikamwambia ndani mna tududu, yaani vijidudu.

"Tududu gani?"

"Twa kuharisha. Hatuonekane, Nkambo."

"Hatuonekane," akarudia polepole. "Na weye njo unatuona."

Wimbo ukakatika. Nikaeleza habari za shule, za Yaya Kavira, za karatasi. Nilieleza mbio mbio, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya upole kabisa: mtu atapigaje picha ya kitu asichokiona? Ni lazima kwanza akione. Kwa hiyo aliyepiga picha ile ana macho ya pili, na aliyeonyeshwa picha ile amepewa ya kwake. Hapo ndipo ninaposema walikuwa na hesabu. Mimi mwenyewe, nikisikia, niliona imenyooka.

Nkambo akaninyang'anya kikombe, akamnywesha Kabange kwa mkono wake. Akasema mtu akiwanyima mapasa maji yao siku yao, tutaona balaa likiwarudia watoto. Na kweli, asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, macho ya Kabange yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Onyo lilitimia mbele ya kila mtu, na aliyeleta balaa alijulikana.

Baba Mudogo, ndugu mdogo wa baba, akaitwa. Hakuwa mtu mbaya. Viatu nilivyovaa shuleni alininunulia yeye, na ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi. Lakini alikuwa amehama parokia yetu, akaingia kwenye chumba cha maombi ambapo watoto waliodhaniwa walozi walifungiwa bila chakula wala maji mpaka wakiri. Avenyu yetu kulikuwa na msichana aliyepitia humo. Alikiri, akatolewa, wakamshangilia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula naye sahani moja, na baadaye hatukumwona tena. Nilijua basi kinachoningoja. Njaa sikuiogopa sana. Niliogopa kukiri, kwa sababu ukishakiri hakuna mlango wa kurudia.

Baba Mudogo alisema tutaondoka jioni, akitoka kazini. Mama alimjibu kwamba sawa, lakini kwanza yeye mwenyewe atampeleka Kabange dispensari, na Numbi amsaidie kubeba. Numbi ni mimi. Tulipokuwa tunatoka nilimwona mama akiinama nyuma ya mlango, ana kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa. Alikizamisha kwenye chungu, akakifunga, akakiingiza kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

Dispensari walimnywesha Kabange maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, mpaka akalia na machozi yakatoka. Muuguzi akasema machozi ni dalili njema. Akatupa pakiti za kuendelea nazo. Tulipofika barabarani mama hakugeuka kwenda nyumbani.

"Ule Kavira wako," akasema, "anasomeaka fasi gani?"

Tulikwenda Kasapa kwa miguu, Kabange amelala mgongoni mwa mama. Yaya Kavira alitukuta chini ya ngazi, akasikiliza, uso ukambadilika. Alitaka kuomba msamaha. Mama akamwambia hakuja kusikia msamaha, amekuja kuona. Tukaingia kwenye chumba chenye meza ndefu. Yaya Kavira akachukua tone kutoka kwenye kile kichupa, akaliweka juu ya kioo chembamba, akalisukuma chini ya mashine. Mama alifumba jicho lisilo lenyewe, akaona giza, akarekebishwa. Kisha akatulia. Akatulia mpaka Kabange akaamka, akajigeuza mgongoni, naye bado ameinama.

"Vinatembea," akasema. "Nilizania ni picha tu. Kumbe vinatembea."

Njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu, kama nimeshamwambia mtu yeyote kwamba mimi ni mulozi. Nikasema hapana. Akaniambia nisije nikasema, hata wakinipiga, hata akiniomba yeye mwenyewe.

Uani tulimkuta Baba Mudogo, Nkambo, na wale wanawake wa nyimbo, kwa kuwa mwezi ulikuwa bado mchanga. Baba Mudogo aliniita mbele yake, akachuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Numbi, sema tu ndiyo. Bintu bitaisha leo leo. Hakuna mwenye kukukasirikia."

"Siko mulozi, Baba Mudogo."

"Unaona tududu mu maji?"

"Niliona picha."

"Nani alipiga picha?"

"Mashine."

"Mashine iko na macho?"

Wanawake wakacheka. Nilikuwa na umri wa komunyo ya kwanza tu, na mbele yangu alikuwa mtu mzima niliyempenda, akiniomba neno moja dogo. Nikasema tena siko mulozi, safari hii nikilia, na nadhani jioni ile ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kulia na bado asikubali.

Ndipo mama akaanza kuimba.

Kwetu mama wa mapasa ana ruhusa ambayo hata chifu hana. Mwezi ukiwa mchanga anaweza kumtukana yeyote kwa wimbo, hata shemeji, hata mkwe, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika wala kujibu. Mama alikuwa mtu wa aibu. Hajawahi kuitumia ruhusa hiyo zaidi ya neno moja mawili. Jioni ile aliitumia yote. Alimwimbia Baba Mudogo tumbo linalotangulia kufika kwenye sala, na suruali inayoshikwa na kamba, na mengine ambayo siwezi kuyaandika, mimi mama wa kanisa. Na wale wanawake, kwa kuwa wimbo wa mapasa hauachwi bila waitikiaji, wakalazimika kuitikia. Mmoja alikuwa yule aliyetoa hesabu ya picha. Aliitikia vizuri kuliko wote.

Mama alipomaliza, akasimama mbele yangu.

"Sasa sikia. Na miye minaona. Leo, Kasapa, na haya macho. Biko mu chungu, na binatembea. Kama ni bulozi, tuko babili. Utufunge bote, na mapasa utabaki nabo weye, utabanyonyesha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayegawa kazi za nyumbani. Hakuna aliyecheka safari hii. Kumwita mama wa mapasa mlozi, mbele ya mapasa wake, mwezi ukiwa juu, hakuna Mluba angethubutu. Baba Mudogo alifungua mdomo, akakumbuka kwamba haruhusiwi kujibu, akaufunga. Akachukua kofia yake. Kwa muda mrefu hakuja kula kwetu.

Nkambo ndiye aliyenishangaza. Aliinuka, akakibeba chungu mwenyewe mpaka jikoni, akaanza kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Akasema chungu hakitoki nyumbani mwake, wala majani, wala mpemba. Lakini maji, kama vitu vinatembea humo, acha yachemke. Mapasa hawajawahi kukataza moto. Tangu hapo walinyweshwa maji yaliyochemka yakapoa. Kabange alinyanyuka taratibu. Nkambo alisema mapasa walisamehe kwa sababu mama aliimba vizuri. Baba Mudogo alisema ni maombi yake. Nami namshukuru Mungu, na pakiti za dispensari, na sigombani na mtu juu ya hilo.

Ninachogombea ni kingine. Leo ninasimamia watoto wa Jumapili kwenye parokia yetu. Shule sikufika mbali, na yapo mengi kuhusu mikrobi nisiyoyajua. Lakini nina simu, na Yaya Kavira, ambaye sasa ana nywele nyeupe, hunitumia picha: chavua ya mahindi, damu ya mtu mwenye malaria, jicho la nzi. Baada ya sala tunazitazama. Wapo wazazi walionijia kuniambia niache, ninawafungua watoto macho vibaya. Baba mmoja alisema wazi kwamba anajua mimi ni nani na nilikaribia kufanywa nini zamani. Nikamwambia kama anajua, basi anajua pia kwamba sikukubali.

Mimi ni mwepesi wa kuungama. Padri anachoka nami: hasira, uvivu wa rozari, maneno juu ya jirani, hata wivu wa kitambaa cha mwenzangu. Naungama yote na sioni haya. Lakini kuona sikuungami. Aliyevifanya vile viatu vyenye manyoya ndani ya tone la maji hakuvifanya kwa siri, na mtoto aliyeonyeshwa kazi yake hana kosa la kukiri kwa mtu yeyote.

Jumapili iliyopita kasichana kamoja kalibaki nyuma, kameshika simu yangu kwa mikono miwili. Kakaniuliza kwa sauti ya chini: kakisema nyumbani kameona hivi, je, watakapiga?

Nikamwambia aseme aliona, kwa sababu aliona. Na wakimwuliza ni nani aliyemwonyesha, awape jina langu, na kama hawajui nyumba yangu, awalete mwenyewe.