Mbao za Mzee Aliyepona

Iko siku moja naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu, na wewe ndiye uliyeniamshia uliponionyesha kwenye simu ile stendi ya kuchujia kahawa. Miguu miwili, kibao chenye tundu juu, kibao kingine chini cha kuwekea kikombe, basi. Ukasema ya dukani ni ghali, utaitengeneza mwenyewe kwa vitu vya kuokoteza. Nikanyamaza, ukadhani nimechukia. Sikuchukia. Stendi kama hiyo niliitengeneza kabla hujazaliwa, nayo almanusura ininyime mke.

Mimi si mtu wa shule nyingi. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu inakwenda kama mkokoteni kwenye tope. Lakini nilikuwa na tabia ya kuandika siku zangu kwenye daftari, na daftari hilo ninalo hapa, panya wamekula pembe moja. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa hiyo pale ambapo mimi na daftari tunapishana, nitakwambia, nawe uliamini daftari.

Nilikuwa najifunza useremala mjini Sumbawanga kwa Fundi Deusi. Tulitengeneza milango, vitanda na majeneza. Jirani na karakana yetu palikuwa na mabinti waliojifunza kushona, na mmoja wao, Sesilia wa Mwazye, alikuwa amekwisha kuniharibia usingizi. Baba yake, Mzee Filbert, alikuwa mpishi wa misheni miaka mingi, na huko misheni ndiko alikozoea kahawa ya kuchujwa kwa kitambaa, taratibu, tone kwa tone. Alipostaafu akarudi kwenye chai na uji wa ulezi kama sisi wote. Sesilia aliniambia kwamba kila asubuhi baba yake hukinusa kikombe cha chai, akaguna, ndipo akanywa.

Mkono mtupu haulambwi. Nyumbani kwetu wakati ule barua ya posa ilisindikizwa na jembe, na kila kijana alipeleka jembe. Mimi nikataka nipeleke jembe pamoja na kitu cha kummaliza nguvu mzee.

Fundi wa bati alinikunjia faneli kwa kopo la mafuta ya kula. Sesilia akashona mfuko mdogo kama soksi ya mtoto, kwa kipande cha shuka, akauchemsha mara tatu. Kahawa niliagiza Mbozi kwa dereva wa lori, nikaikaanga, nikaitwanga kwenye kinu cha mama mwenye nyumba wangu, ambaye kwa haki nikiri kwamba unga wake ulinukia kahawa mpaka Pasaka. Stendi ya kwanza niliiunda kwa mkaratusi mbichi. Kabla ya Jumapili ilikuwa imepinda, kahawa inadondokea mezani, kikombe kinaangalia. Fundi Deusi akaitazama kwa muda.

"Hii imelewa kabla wageni hawajaja," akasema.

Ya pili ilisimama, lakini kitambaa nilikikunja mara mbili. Tukakaa kusubiri. Fundi akaondoka, akapiga randa ubao mzima wa mlango, akarudi, kikombe hakijafika nusu.

"Kijana, hii ni kahawa au ni machozi ya mjane aliyekwisha kupata mwingine?"

Kitambaa nilikirekebisha. Mbao ndiyo ikanishinda. Unajua huku kwetu juu, upepo na majani vipo vya kutosha, lakini mti wa mbao ngumu ni wa kutafuta. Na nyuma ya karakana, chini ya magunia, zilikuwapo mbao nne za mninga, kavu, nyekundu kama zimepakwa mafuta. Zililetwa na ndugu wa mzee fulani aliyekuwa mahututi. Mzee mwenyewe alizitunza darini miaka mingi kwa ajili ya jeneza lake, maana hakutaka kuzikwa kwa mkaratusi. Kabla Fundi hajapigilia hata msumari mmoja, habari zikaja kwamba mgonjwa ameamka na ameomba ugali. Mbao zikabaki pale ukutani.

Nisimsingizie Fundi. Aliniambia, tena mara mbili: "Zile zina mwenyewe." Nilisikia. Lakini kijana aliyependa ana akili zake za pembeni. Nikajiambia: kama mzee amepona, hazihitaji, na kama amekufa, amekwisha kuzikwa kwa nyingine. Mwanangu, hoja hiyo nimeigeuzageuza miaka yote hii na mpaka leo sioni ilipovunjika. Najua tu kwamba imevunjika.

Siku Fundi alipokwenda kupachika madirisha kule Msanzi, nikatoa msumeno. Nilikata mbao moja, kipande cha kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Mwisho wake ulikuwa na alama ya kuchomwa kwa chuma cha moto, msalaba ndani ya duara. Nikaona pambo zuri. Nikaliweka mbele.

Sasa, siku ya posa mchumba haendi. Anakwenda mshenga, anasema yeye, na mchumba anabaki nyumbani akitetemeka. Mshenga wangu alikuwa mjomba Anselmi, mtu mwema ambaye ukweli kwake ulikuwa kama chumvi, anatia kidogo kwa ladha. Tatizo likawa ile stendi. Mjomba aliijaribu, akajimwagia goti. Ikabidi niende mimi, lakini kwa sharti: nitakuwa mpika kahawa tu, si mchumba, na mdomo wangu nitauacha Sumbawanga.

Tulifika Mwazye asubuhi yenye upepo wa kung'oa kofia. Sebuleni alikuwapo Mzee Filbert, shangazi yake Sesilia, na kaka mkubwa wa Mzee Filbert, Mzee Ladislaus, mrefu, mkavu, amejifunga blanketi. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mjomba akalaza jembe mkekani na barua juu yake, akaanza kueleza kuwa tumeona ua katika boma hili. Mimi nikachuchumaa pembeni na birika langu.

Maji yakamiminika, kahawa ikaanza kudondoka, harufu ikajaa nyumba. Mzee Filbert akaacha kumsikiliza mjomba. Nilimpa kikombe cha kwanza. Akanusa. Hakuguna. Akanywa, akafumba macho, akanisogezea kikombe bila kuyafumbua, nami nikajaza tena. Daftari linasema hapo nilimwona Sesilia mlangoni na akatabasamu. Yeye mpaka leo anakataa, anasema alikuwa jikoni. Nimeandika yote mawili.

Ndipo Mzee Ladislaus akainama kutazama chombo. Akapitisha kidole kwenye ile alama. Akapitisha tena.

"Wewe mpika kahawa."

"Huyu hasemi, mzee," mjomba akadakia. "Ni mpika kahawa tu."

"Basi nakuuliza wewe unayesema. Mbao hii imetoka wapi?"

"Msituni, mzee wangu. Kijana wetu, ambaye hayupo hapa, aliitafuta wiki mbili kwa miguu."

"Msitu gani?"

"Huko bondeni."

"Na huko bondeni miti inaota na alama yangu?"

Mjomba Anselmi alifungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya hapo. Kahawa ikaendelea kudondoka. Tone. Tone. Nikawaza: nikisema, nimevunja mila, nimemwaibisha mjomba wangu, na Sesilia nimemkosa. Nikinyamaza, mjomba atapata msitu mwingine, maana nilimwona anautafuta, na Sesilia nitampata kwa mbao ya wizi na maneno ya uongo juu yake. Kwenye daftari nimeandika kwamba nilisema kwa ushujaa. Hapa naomba usiliamini daftari. Nilisema kwa sababu nilimwona mjomba anafungua mdomo tena.

"Baba mkubwa, mjomba hajui. Nimeikata mimi, kwa Fundi Deusi. Fundi aliniambia zina mwenyewe, mara mbili."

"Wewe si mpika kahawa?"

"Ni mimi mchumba."

"Hilo tumelijua tangu mlipobisha hodi," akasema shangazi. "Mpika kahawa gani anavaa tai?"

Mzee Ladislaus hakucheka. Akahamia Kifipa, na mzee akiacha Kiswahili cha wageni katikati ya shughuli ujue mambo yamefika jikoni. Aliniuliza nimekata kiasi gani. Nikanyoosha mkono, nikaonyesha. Akatazama mkono wangu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akajilaza kwenye benchi, chali, mikono kifuani, miguu imenyooka.

"Nionyeshe mbao inaishia wapi sasa."

Nikasogea. Nikaonyesha chini kidogo ya magoti yake.

"Kwa hiyo siku hiyo nitazikwa nimekunja miguu kama kuku wa sokoni."

"Samahani, baba mkubwa."

"Au nivae viatu, vibaki nje, watu wajue nani yumo ndani."

"Kaka," akasema Mzee Filbert polepole, kikombe kikiwa bado mkononi, "la mbao ni lako, siliingilii. Ila upande wa kahawa mimi sina lalamiko."

"Wewe nyamaza. Umeshauza mtoto kwa vikombe viwili."

"Vitatu," akasema shangazi, ambaye alikuwa akihesabu.

Mzee Ladislaus akainuka, akajifunga blanketi vizuri, ndipo akanikemea. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mbao zile nilizibeba mwenyewe nikiwa na nguvu, nikaziweka darini ili wanangu wasihangaike siku wanalia. Hukukata mbao, umekata miaka yangu ya kufikiri. Na ungekuja kuniomba ningekupa, maana mtu aliyeomba ugali siku ile hana haraka. Barua yenu hatuichani na hatuijibu. Nenda ukatafute mninga, urefu wangu. Ukiupata, usije peke yako. Uje na aliyekupa, atuambie kwa mdomo wake kwamba amekupa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimevunja guu la mkuu mwingine. Niliporudi karakanani nikamweleza Fundi yote. Alinifukuza kazi kabla ya chakula, akaniita tena baada ya chakula, akanikopesha randa na msumeno, akasema nisirudi navyo bila mbao.

Niliteremka bonde la Rukwa, nikazunguka vijiji, mpaka mkulima mmoja wa mpunga akakubali kunipa mbao moja ya mninga, nami nimtengenezee milango miwili na kitanda cha mama yake. Mbao hiyo hakuikataa. Alichokataa ni safari.

"Umeshanilipa milango. Kwa nini nipande mlima kwenda kumwambia mtu nisiyemjua kwamba sikuibiwa?"

"Ukibaki, nitaonekana mwizi mara mbili."

"Mara ya kwanza ilikuwaje?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka mama yake akatoka na kitanda chake kipya kuuliza kuna nini, au labda alitoka bila kitanda, hapa mwandiko umefifia. Mama ndiye aliyesema, "Nenda naye. Nataka nijue mwisho wake."

Tukapanda lori la magunia mpaka juu, halafu kwa miguu. Upepo wa Ufipa ukaikuta mbao begani mwangu na kunizungusha kama mlango usio na komeo. Mara mbili nilimpiga yule mkulima kichwani. Hakurudi nyuma, nadhani alimwogopa mama yake.

Pale Mwazye, Mzee Ladislaus aliagiza mbao ilazwe uani. Akajilaza juu yake mbele ya majirani, kuku na mkwe wangu mtarajiwa. Miguu ilitosha na nafasi ikabaki.

"Imezidi," akasema akiwa chali.

"Niliogopa kupunguza, baba mkubwa."

Akamgeukia mkulima. "Umempa kweli?"

"Nimempa. Na kichwa kinaniuma."

Mzee akakaa, akachukua kijiti, akapiga mstari pale visigino vyake vilipoishia. "Mimi nikifika hapa nimetosha. Hiki kipande cha mbele unakitaka?"

"Nakitaka."

"Basi omba."

Nikaomba, mwanangu. Neno fupi, halikunigharimu hata pumzi moja, nalo lilikuwa zito kuliko mbao niliyoipandisha mlimani. Akasema, "Chukua." Kisha akamwambia mdogo wake kwamba barua sasa inaweza kujibiwa, na akataka kujua kwa nini watu wanasimama uani na maji ya kahawa hayajabandikwa jikoni.

Kwa hiyo sikuchukia uliponionyesha hiyo picha. Sina hakika kama mimi ni mtu wa kutoa nasaha, lakini hii nimeilipia. Tengeneza stendi yako kwa vitu rahisi. Kopo, shuka kuukuu, kipande cha mbao, hakuna aibu. Ila tofautisha rahisi na bure. Rahisi ni kile ulichokilipia kwa jasho badala ya fedha. Cha bure hakipo. Kipo cha mtu ambaye hujamuuliza. Kitu kikilala kwenye vumbi usiseme kimesahauliwa, huenda kuna mzee anakiwaza kila usiku. Kuuliza si ujinga, na kuomba si unyonge. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu anayekupenda hajaanza kukutafutia msitu.

Mungu akujalie mikono inayojua kuunda na mdomo unaojua kuomba. Akupe wakwe wenye subira na kiu. Akupe nyumba ambayo mgeni akigusa kitu chochote akauliza kimetoka wapi, utamjibu bila kumtazama mtu mwingine. Nenda, mwanangu. Upime vizuri kabla ya kukata.