Bamba la Kifuani Lilivyonitesa Vietnam

Wadau, nimeibiwa vitu vingi maishani, lakini hakuna wizi ulioniuma kama ule wa mtu kuniibia bamba langu la kuzuia risasi, kisha akalikalia mbele ya macho yangu huku anakula pichi za kopo.

Sio utani. Alilikalia. Kama kigoda.

Mwizi mwenyewe anaitwa Kittredge. Yeye ndiye fundi wa helikopta yetu, na kwenye kombania yetu pale Pleiku fundi ndiye mwenye helikopta. Rubani anaazima tu. Ikiruka, fundi anakaa mlango wa kushoto na rashasha.

Mlango wa kulia ni mimi, Delmar Fugate, miaka kumi na tisa, mtoto wa mchimba makaa wa Kentucky. Nimeletwa vitani kwa mwaka mmoja, na nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: niumalize nikiwa mzima.

"Sajini, hilo bamba ni langu."

"Lina jina lako?"

"Nimepewa stoo asubuhi hii."

"Basi rudi stoo, mwambie mama akupe lingine."

Stoo hakukuwa na lingine.

Ngoja nikueleweshe. Bamba lile limetengenezwa livaliwe kifuani. Lakini sisi tunapita juu ya mashamba ya mpunga, na wanaotupiga wako chini. Risasi inapanda. Inatoboa sakafu, inatoboa kiti, na baada ya kiti unajua kuna nini.

Kwa hiyo kombania nzima inakalia. Ukivaa kifuani watakuita Bibi Harusi na kukuuliza sidiria yako saizi gani.

Kittredge alikalia mawili. Lake na langu.

"Wewe una makalio mangapi?" nilimuuliza siku moja mbele ya watu.

"Mawili. Shule ulienda kufuata uji?"

Watu walicheka mpaka nikatamani kurudi mgodini.

Kiangazi kikapita, na lile vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Masika yakaja, tukalala na soksi mbichi. Muda wote huo mimi nakalia kopo la risasi lililojaa mchanga. Kila tukipanda nimejibana kama mtu anayeharisha.

Chuki ikanoga. Yeye alinipa kazi ya kuosha sakafu kila tukishusha majeruhi, peke yangu. Mimi nikawa nachukua pichi zake na kumlisha mbwa wa kombania. Tulishikana mashati mara moja. Mimi nikapoteza jino, yeye akapoteza saa.

"Ukifa," aliniambia, "nitaomba niletewe mgeni mwenye adabu."

"Ukifa wewe," nikamjibu, "nitaomba pichi."

Halafu ikaja asubuhi ya lile bonde.

Tulikuwa tumebeba askari wa miguu, tunakwenda kuwashusha katikati ya milima. Mapanga ya helikopta yameshaanza kuzunguka. Nikaamua leo ni leo.

"Sajini, nirudishie bamba langu au siendi!"

Rubani wetu, Bwana Birdwell, mpole kama mchungaji wa kanisa, akageuka. "Kittredge, mpe mtoto wa watu kitu chake. Nachelewa."

Kittredge akalichomoa chini yake kwa hasira. Hakunipa. Alisubiri mpaka tumepaa, nimeshajifunga mkanda na mikono yote iko kwenye rashasha, ndipo akalirusha likanigonga mbavu.

Kuinuka niliweke chini nisingeweza. Nikalisukumiza ndani ya fulana, mbele.

Kwenye redio ya helmeti nikamsikia Kittredge akiwatangazia wenzetu wa helikopta nyingine, "Jamani, Bibi Harusi huyo! Kanisani saa ngapi?"

Helikopta zote zikacheka.

Tukashuka bondeni. Safari hii maadui hawakuwa chini. Walikuwa juu ya milima, wanatumiminia risasi kutoka juu kama mtu anayemwaga maji barazani.

Kitu kikanipiga kifuani kama teke la nyumbu. Bamba likapasuka vipande. Mimi mzima.

Nikageuka kushoto. Kittredge amekaa juu ya bamba lake, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Damu inamtoka begani inashukia kifuani.

Tulipomteremsha kwenye machela alinishika kola. Nikajua anataka tusameheane.

"Ningekurushia mapema ungelikalia," alisema. "Ungekufa. Sema asante."

"Nenda zako."

"Sema asante, mbwa wewe!"

Nikambandua vidole kwenye kola, wakambeba.

Kesho yake kombania nzima ilivaa kifuani. Hakuna aliyetaja sidiria. Mimi nikarithi bamba la Kittredge, nikalivaa kwa maringo, nikawa napita kifua mbele kama jogoo. Wageni waliletwa kwangu niwafundishe.

"Kifuani, wadogo zangu. Anayekalia ni mshamba."

Nilifundisha hivyo mpaka tuliporudi kwenye mpunga.

Risasi ilipanda. Ikatoboa sakafu. Ikatoboa kiti.

Nilizindukia hospitali Japani, nimelazwa kifudifudi. Kitanda cha jirani kuna mtu kalazwa chali, bega zima bendeji. Ananitazama mgongo, halafu chini ya mgongo.

"Fugate."

Nikafumba macho. Haikusaidia.

"Bamba langu ulilivaa wapi?"

"Kifuani."

Kittredge alicheka mpaka nyuzi zikakatika, nesi akaja mbio, akatutukana kwa Kijapani wote wawili. Hata mimi niliyekuwa naumwa kimya kimya.

Hatukupatana. Alipelekwa kwao, nikapelekwa kwetu, hakuna aliyemwandikia mwenzake.

Ila kuna kitu nilikiona pale nikiwa nimegandamiza uso kwenye mto. Yeye alijua kwa hakika wapi risasi itaingilia. Na mimi nilijua kwa hakika. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, tena wa damu.

Ndugu msomaji, kilichokuokoa jana kishukuru, lakini usikifanye dini. Hakijakuahidi chochote kuhusu kesho.