Mashua Iliyoachiwa Nafasi ya Kunenepa

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amewaachia wateja wake nafasi ya kunenepa. Hawaambii. Anampima bibi harusi kiuno, anamsikiliza akiapa kwamba hatagusa chakula cha maana mpaka siku yenyewe, anaitikia, "Ndiyo, mwanangu," kisha anakwenda kukata kitambaa huku ameficha upana wa vidole viwili ndani ya mshono. Gauni likija kubana, mteja anarudi ameinamisha uso, naye anafumua, anaachia, anashona upya bila neno. "Mwili ni mgeni," huniambia. "Hujui atakuja na mizigo mingapi."

Mumewe mtaa mzima unamwita Dereva. Aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka jicho lake la kushoto lilipoingia ukungu na daktari akakataa kumwandikia cheti cha leseni. Akahamia kwenye kochi. Kutoka hapo akawa anatuendesha sisi. Ukibeba chungu cha moto alikuonya kuhusu kona ya jikoni. Ukimpandisha teksi alikanyaga breki zisizokuwepo, hadi mwenye teksi aliwahi kuniuliza kwa upole kama mzee ana maumivu ya goti.

Tulicheka, na yeye alicheka kuliko sisi sote. Katika nyumba ile mambo mazito hupitia mlango wa utani. Mlango mwingine sijawahi kuuona ukifunguliwa. Lakini siku moja Shangazi alirudi mapema kutoka sokoni akamkuta peke yake, sinia mapajani, mikono yake ikilizungusha taratibu, kulia, kisha kushoto, macho ukutani. Hakuingia. Alirudi nje, akakohoa, akafungua mlango upya kwa kelele. Aliponisimulia hakulia. Alisema tu, "Yule mtu nisipompatia kitu cha kuendesha, atazimika akiwa hai."

Nimewaza sana juu ya maneno hayo. Kazi ikiondoka, mikono hubaki nyuma kama watoto waliosahauliwa shuleni.

Gari halikuwezekana, na baiskeli aliikataa kwa heshima ya umri wake. Kisha mteja mmoja, akisubiri sketi yake, akamwonyesha Shangazi kwenye simu mtu anayetengeneza mashua ndogo ya tanga nyumbani kwake. Mtu yule hakuwa na misumari. Alikata vipande vya plaiwudi kwa kufuata kiolezo cha karatasi, akatoboa matundu pembeni, akaviunganisha kwa waya wa shaba, kisha akapaka gundi kwenye maungio.

"Kumbe mashua inashonwa!" Shangazi alisema. Sketi ya watu ilichelewa wiki mbili.

Mpango wake ulikuwa mfupi. Nyuma ya kiwanda cha matofali kuna bwawa la maji ya mji, pana, tulivu, lisilo na taa za barabarani wala waenda kwa miguu. Kule Dereva asingeweza kumgonga mtu yeyote. Kilichobaki ni kutengeneza mashua, na baada ya hapo jambo gumu: kumfanya mwenyewe apande.

"Mimi ni mtu wa lami," Dereva alitangaza kutoka kochini mara tu aliposikia. "Maji ni ya kunywa na ya kuoga, na yote mawili nayafanya kwa kiasi."

"Nani kakwambia nakutengenezea wewe?" Shangazi alijibu. "Naitengeneza kwa ajili yangu. Nimechoka kukaa."

"Fundi, wewe ukae lini? Hata kwenye picha ya harusi yetu umesimama unanirekebisha kola."

Kazi ilifanyika kwenye chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Kila aliyepita alichungulia na kuuliza kama mashua itatoka mlangoni. Swali hilo lilimwudhi Shangazi kuliko yote. Mlango alishaupima kabla hajanunua hata waya. Mtu amepima makalio ya mtaa mzima, ashindwe kupima mlango?

Kosa lake lilikuwa kwingine. Seremala wa nyumba ya jirani alikuja na msumeno wake wa umeme akaikuta plaiwudi imelazwa sakafuni, imechorwa kwa chaki, mistari miwili miwili.

"Nikate upi, mama?"

"Wa nje. Wa ndani ni wa kushonea."

Seremala alimtazama, akautazama mstari, akamtazama tena. Ni kijana mwenye adabu, na suruali yake ya kazi iliwahi kushonwa na mama huyo huyo. Akakata wa nje.

Nilikuwepo Jumapili walipoanza kuunganisha. Mimi nilishika ubao, Shangazi akapitisha waya na kuukaza kwa koleo, ubavu kwa ubavu, na kitako cha mashua kwa mbavu. Upande wa nyuma ulikubali. Tulipofika katikati, ubavu wa kushoto ukajitokeza kama tumbo la mtu aliyemaliza kula. Tukauvuta, ukapwaya mbele. Tukauvuta mbele, ukafura katikati.

Seremala alikuna kichwa. "Mama, hii nafasi ya mshono... kitambaa unakikunjia ndani. Mbao utaikunjia wapi?"

Halafu kicheko kikaanza kochini, kidogo kidogo, kama injini ya asubuhi ya baridi, mpaka kikashika.

"Umeishonea mashua sare ya shule!" Dereva alisema akijifuta machozi. "Iache ipwaye tu, mke wangu, itakua nayo! Itavaa mpaka imalize masomo!"

Nasi tulicheka. Shangazi naye alicheka, lakini aliliweka koleo chini kwa uangalifu mno, kama mtu anayelaza mtoto. Siku zilizofuata hakuigusa. Ile mifupa ya mbao ilibaki katikati ya chumba, na polepole nguo za wateja zikaanza kutundikwa juu yake, magauni na mashati, hadi ukiingia ulidhani kuna watu wamejipanga foleni ndani ya mashua. Nilidhani mambo yameishia hapo. Nyumba nyingi nimeziona zina kitu cha namna hiyo, kilichoanzwa kwa mapenzi na sasa kinatundikiwa nguo.

Kilichomwamsha ni gauni. Mteja mmoja mwenye kiuno chembamba alikuja na vazi lililompwaya, na Shangazi, pini mdomoni, akalibana ubavuni, akakunja kipembe kirefu chembamba, akakishona. Alisimama akiitazama kazi yake. Kisha akamwambia mteja avue, aende, arudi kesho.

Aliondoa nguo zote juu ya mashua. Palipofura akachora kwa chaki pembe tatu ndefu, nyembamba kama jani la mtama, akamwita seremala aikate, akavuta kingo mbili zikakutana, akazishona kwa waya. Ubavu ukatulia. Akafanya hivyo upande wa pili. Mashua ikawa na kiuno.

"Sasa ina umbo kunishinda," Dereva alisema. Alikuwa ameinuka kochini, jambo ambalo sisi wote tuliliona na hakuna aliyelitaja.

Lakini upana wa ziada haukuisha wote. Mashua ilitoka nene kuliko kwenye kiolezo, na seremala alipoipiga msasa alikiri wazi, "Hii haitakimbia, mama."

"Nani anataka ikimbie? Hata bata hakimbii, na hazami."

Tanga alilishona kwa turubai jepesi, mishono miwili miwili, kona zimeongezwa kitambaa. Siku moja nilimwona Dereva, akipita kwenda uani, akilishika pindo kati ya vidole. "Limenyooka," alisema, akaendelea na safari yake. Lakini kuhusu yeye kupanda, alisema tena siku hiyo hiyo wakati wa chakula, tusahau.

Siku ya kwenda bwawani, seremala alileta pikapu ya rafiki yake. Tukaipakia mashua, na Shangazi akasisitiza kuifunga kamba mwenyewe. Nilitazama mikono iliyofunga nyuzi maisha yake yote ikifunga fundo la ajabu, legelege, la kutia huruma. Akatikisa kamba. Ikacheza.

"Tayari," alisema kwa sauti kubwa.

Dirishani kukasikika mguno. Mlango ukafunguliwa. "Hiyo ndiyo mnaita kufunga mzigo? Mnataka kuua watu barabarani?" Dereva alifumua fundo lote, akafunga upya, akavuta, akapiga kamba kwa kiganja, haikumridhisha. Mwisho akapanda nyuma kwenye pikapu, aushike mzigo njia nzima. Shangazi alikaa mbele, akitazama barabara, uso mtulivu kama wa mtu aliye kanisani.

Pale bwawani alitoa majaketi mawili ya kuelea. Seremala ni mwembamba kama futi; lile la pili halikuwa lake. Dereva aliliona, akageuza macho, akaketi juu ya jiwe kifua amekikunja.

Basi Shangazi akapanda peke yake. Tulimsukuma. Upepo ulikuwa mdogo, tanga likajaa kidogo, na mashua ikaanza kuzunguka mahali pamoja kama kuku anayeumwa kideri. Yeye alishika kana, ule mti mfupi wa nyuma wa kuongozea, kwa mikono miwili, na kuusukuma hovyo.

"Nyoosha!" Dereva alipaza sauti. "Nyoosha kwanza! Unakata kona ya nini huko hakuna barabara? Fundi! Unaliua hilo gari!"

"Silijui!" alijibu Shangazi, na kwa mara ya kwanza siku ile nadhani alisema kweli.

Dereva alisimama. Alivaa jaketi bila kulitazama, na likamkaa. Akaingia majini na viatu vyake, maji yakampanda magotini, akashika ukingo wa mashua, akajitupa ndani kwa uzito wake wote. Seremala alifumba macho. Mashua iliinama, ikawaza, ikarudi sawa. Ingekuwa na upana wa kwenye kiolezo, tungekuwa tunawaokota.

Alichukua kana. Alitaka kwenda kulia, akaisukuma kulia. Mashua ikaenda kushoto. Akaisukuma kulia zaidi, kama mtu anayebishana na ng'ombe, nayo ikaingia moja kwa moja kwenye matete, karibu kabisa na tulipokuwa, ikakwama.

Hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa anaitazama mikono yake. Niliona mabega yake yakishuka, na nikajua kwamba akitoka pale kwa miguu hatarudi tena, si kwenye bwawa hili wala kwenye kitu chochote chenye mwendo. Shangazi alijua pia. Akawa anachomoa majani ya matete kwenye pindo la tanga, moja moja.

Muda ukapita. Dereva akaisogeza kana kushoto kidogo, akatazama mkia wa mashua. Akaisogeza kulia. Kushoto tena.

"Ni tela," alisema polepole.

"Nini?"

"Tela. Kabla ya mabasi nilikuwa na lori la tela. Ukirudi nyuma nalo, ukitaka liende kulia, unakata kushoto." Alikuwa ameanza kukasirika, hasira nzuri, ya zamani. "Hii kitu inatembea mbele lakini inaendeshwa kinyumenyume! Mbona hamkusema?"

Alitia mguu kwenye matete akasukuma. Mashua ikatoka, tanga likatafuta upepo, likaupata. Aliisogeza kana kushoto kwa vidole tu, na mashua ikageuka kulia, taratibu, na unene wake wote, ikaelekea katikati ya bwawa.

Sauti husafiri sana juu ya maji. Tulimsikia vizuri kabisa.

"Fundi, sogea mbele. Unanizibia njia."

Shangazi akasogea mpaka mwisho kabisa, akakaa akiwa amempa mgongo, uso wake upande ambao mumewe asingeweza kuuona.