Shingo ya Mfupa Mmoja

Nakumbuka asubuhi niliyotoka Kilole, kule Korogwe, mwanangu, na shati moja kwenye mfuko wa rambo, nisijue niendako. Lori la magunia matupu likasimama.

"Wapi?" dereva akauliza.

"Unakokwenda wewe."

Akacheka, akadhani natania. Kumbe nilikuwa nakimbia jambo nililolifanya jana yake.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini kila kitu nilitaka kukijua: kushona viatu, kupiga kinanda, kukamua ng'ombe. Mwaka ule ilikuwa zamu ya karate, kwenye ukumbi mmoja wa Old Korogwe. Mateke niliyapenda. Kuinama ndiko kulikonishinda. Tuliinama mlangoni, tukamwinamia sensei, yaani mwalimu, kisha tukainamiana wenyewe kabla ya kupambana. Sensei wetu alikuwa seremala, mtu mpole sana, nami jioni moja nikamwambia mbele ya watu, "Sensei, hizi ni salamu za Wajapani. Mimi Mzigua. Tupigane tu!" Wenzangu wakacheka. Yeye akasema, "Utainama siku utakayojua unainama kwa nini."

Jioni hiyo nilipangwa na Sefu, rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Sefu akainama. Mimi nikabaki wima, na kwa kutaka watu wacheke tena, nikampiga teke la uso angali ameinama. Hakucheka mtu. Sefu alikaa chini, akatema meno mawili kiganjani, akayatazama, kisha akanitazama mimi. Ningeweza kuvumilia matusi, mwanangu, lakini si macho yale.

Basi lori lilinishusha Handeni mchana. Nikaendelea kwa miguu, nikifuata njia ya ng'ombe, mpaka jua lilipoanza kushuka nikafika kwenye boma la wafugaji. Mzee mwenye boma alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya lango.

"Shikamoo mzee. Naomba mahali pa kulala."

"Marahaba," akasema, akinitazama kama mtu anayesubiri kitu. Nami nikasubiri, kifua mbele.

Vijana wakarudi na mifugo. Wa kwanza alikuwa morani mrefu, fimbo mkononi, sime kiunoni, mtu ambaye karate yangu yote isingemtikisa. Akafika mbele ya mzee, akainamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini. Akafuata wa pili, vilevile.

"Na wewe," mzee akanigeukia, "shingo yako ina mfupa mmoja?"

"Mwache, baba," morani akadakia, "huyu amemeza fimbo!"

Wakaangua kicheko. Lakini udadisi wangu haukunyamaza. "Mzee, mtu mwenye nguvu kama huyu, anainama kwa nini?"

"Akinipa kichwa, amenipa mahali pa kumpiga. Mimi naweka mkono. Hapo kila mmoja anajua yuko kwa watu wake."

Sefu alinipa kichwa, nami nikaweka mguu. Nikamweleza mzee yote palepale langoni, bila kujipunguzia. Alinisikiliza mpaka ng'ombe wa mwisho akaingia.

"Utalala hapa," akasema. "Kesho urudi kwa mwenye meno."

Nikainama. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kinanuka maziwa na moshi. Nikaonyeshwa ngozi ya kulalia.

Nilirudi kweli. Sefu aliniacha nimeinama mlangoni muda mrefu, mpaka kiuno kikauma, kabla sijausikia mkono wake utosini.

Wewe sasa unaanza mazoezi ya karate, na nimekuona unavyotupa shikamoo huku macho yako kwenye simu. Sikugombezi, nilikuwa mbaya kuliko wewe. Ila kabla hujaiita desturi upuuzi, uliza aliyeiweka alikuwa anamlinda nani. Nguvu utaipata ukumbini. Kujua wakati wa kuizuia utafundishwa na salamu hizohizo, mlangoni, sokoni, mbele ya bibi yako. Na mtu akikuinamia, hata kama ni mpinzani wako, mkono wako uwe mwepesi kuliko mguu.

Mungu akupe watu wa kuwainamia, mwanangu, na kila utakapoinama, ukutane na kiganja.