Shikamoo iliyookoa vidole vyangu

Jamani, sikieni haya.

Leo nimetoa feni ya kupozea injini, ile ya mkanda, kwenye gari langu, nikafunga ya umeme mwenyewe, hapahapa nyumbani Ifakara.
Nikawasha injini kujaribu. Ilipopata moto nikazima.

Spana ikadondokea ndani ya feni. Nikaingiza mkono kuitoa.

Mara bibi jirani huyo, anatoka shambani. Sasa mtu mzima utamsalimiaje umempa mgongo? Nikachomoa mkono, nikasimama.

"Shikamoo bibi."

Hajaitikia, feni ikajiwasha! Injini imezimwa! Spana ikarushwa hadi ukutani.

Kumbe nimeiunga moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia swichi ya ufunguo. Kihisi chake kikisikia joto tu, inazunguka.

"Marahaba. Mbona hunitazami, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nahesabu vidole.

Semeni ukweli: nyie mngesimama?