Sentensi ya Maneno Thelathini

Kwa miaka mitatu niliandika skripti ya filamu kwenye madaftari ya shule, na hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kaniha, wilayani Biharamulo. Kwetu ni Kirushya, kule Ngara, ingawa siku hizi huko sina mtu ila makaburi ya wazazi na kaka mmoja asiyependa wageni. Jioni nikishamaliza kusahihisha, nasonga ugali wa mtu mmoja. Asikudanganye mtu, ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ama unaungua, ama unabaki, na ukibaki unaula asubuhi ukiutazama ukuta.

Filamu yenyewe inamhusu mwalimu anayemlea mtoto wa marehemu dada yake. Sina haja ya kujificha, mwalimu huyo ni mimi. Mtoto nilimchukua akiwa na miaka minne. Akaniita mama, akasoma, akawa muuguzi, akaajiriwa Kahama. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila siku, baadaye ikawa Jumapili, baadaye sikukuu tu.

Mwaka huu nilijiunga na kozi ya kuandika filamu, ile ya kufundishwa kwenye simu. Mkufunzi wetu, mwanamke wa Dar es Salaam ambaye sijawahi kuonana naye, alitutangazia kwamba kuna prodyuza atakayesoma skripti tano za wanakozi. Ila kwanza anataka sentensi moja kutoka kwa kila mmoja, isizidi maneno thelathini: ni nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Sentensi ikimvutia ndipo ataomba skripti. Nilicheka. Kama nimeweza kurasa tisini, sembuse sentensi moja!

Nikaandika kwamba katika kilima kimoja cha Kirushya, chenye migomba mizuri na maharage yanayostawi misimu yote miwili, paliishi familia moja ya wakulima Wakatoliki waliopendwa na majirani wote kwa ukarimu wao. Nikatuma. Mkufunzi akajibu: "Maneno yamekaribia kuisha na bado sijakutana na mtu."

Nilikasirika, sisemi uongo. Nikaondoa kilima, nikaondoa migomba, nikamweka mwalimu na mtoto wanaopendana sana, hadi mtoto anapokwenda kazini mbali. Akajibu: "Sawa. Sasa huyo mwalimu anataka nini?" Nikaongeza kwamba anatamani mambo yawe mazuri. "Mambo gani?" akauliza. "Mambo hayapigiki picha."

Nilizima simu, nikaenda kuchambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua. Huyu hakunielewa kwa sababu hakulelewa kwetu. Kwetu mtu hafiki kwenye nyumba ya mtu akataja shida yake. Unakaribishwa, unakaa, unaulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, unakunywa ulichopewa, na ukishasimama kuaga, mkono uko mlangoni, ndipo unagusia kidogo kilichokuleta. Mtoto anayesema "nataka" mbele ya watu wazima alikuwa anafinywa. Marehemu baba alikwenda siku moja kwa jirani kuomba machipukizi ya migomba. Akakaa mchana kutwa akiisifu migomba ya mwenyeji wake, akarudi bila kuomba. Kesho yake asubuhi jirani akaja na machipukizi sita begani. Mama alituambia huo ndio uungwana, na mimi niliamini hivyo maisha yangu yote.

Basi nilipokuwa naandika, mwalimu wangu wa kwenye filamu naye alikaa kurasa tisini bila kutaja shida yake. Katika ukurasa wa mwisho binti anashuka kwenye basi na begi lake, amerudi, hakuitwa na mtu. Nilikuwa naupenda sana mwisho ule.

Siku moja kabla ya mwisho wa kupokea sentensi, niliketi na kalamu nikajiuliza kwa ukali, kama ninavyomuuliza mwanafunzi mzembe: wewe unataka nini? Jibu lilikuja upesi hadi nikaona aibu. Nikaandika: "Mwalimu mpweke anataka muuguzi aliyemlea kama mwanawe arudi kuishi karibu naye, lakini hajawahi kumwomba mtu kitu chochote." Niliposoma kwa sauti nililia. Nilikuwa mpweke, na hapo ndipo nilipolikubali neno hilo mara ya kwanza.

Mkufunzi akajibu ndani ya dakika chache. "Hii ndiyo. Sasa niambie, anamwombaje?" Nikamweleza kuhusu basi na begi. Akaniuliza binti alijuaje kwamba anatakiwa. Nikaandika kwamba alijua tu. Akaniandikia: "Amejuaje, dada yangu?"

Badala ya kumjibu, Jumamosi iliyofuata mchana nikampigia binti yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Za kazi?"

Tukaongea habari za wodini, za mvua, za maharage, za bei ya mafuta ya kula. Kisha akasema, "Haya mama, tutaongea." Niliposikia anaaga nikasema kwa haraka, bila kupamba:

"Nataka urudi uishi karibu na mimi."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nataka tu."

Nilimsikia akivuta kiti na kuketi. Akaniuliza kama nakumbuka alivyonipigia mwaka juzi kuhusu uhamisho. Nilikumbuka. Alikuwa na nafasi ya kuomba kuja Biharamulo, akaniuliza naonaje.

"Ukaniambia nifanye ninavyoona vema," alisema. "Nikajua umeshazoea kukaa peke yako. Nikabaki. Mama, nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu."

Nikamwambia nilidhani amenielewa, kwamba sauti yangu tu ilitosha. Nikamwambia na lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ile nilipokata simu nilipiga magoti pale pale sakafuni, nikamwomba Mungu amwelekeze achague kuja huku.

Kisha akasema, taratibu, bila hasira:

"Kumbe Mungu ulimwambia, mama. Mimi mbona hukuniambia?"